Alteneta Niliyoitengeneza Mwenyewe: Karatu hadi Oloipiri

Tangu nirudi Singida kwa likizo, kila anayekuja kunisalimu ananiuliza ilikuwaje safari ya siku moja ikachukua siku mbili. Nimejibu vipande vipande, na kila mtu ameondoka na kipande chake. Juzi nilisikia kwamba nilizingirwa na simba. Hakukuwa na simba. Kulikuwa na alteneta, kile kidude kinachozalisha umeme wa gari na kuijaza betri chaji, na kulikuwa na mimi. Naandika yote mara moja ili nikiulizwa tena niwape karatasi.

Karatu

Mnajua nilipangiwa kazi ya mifugo Karatu mara tu nilipotoka chuoni. Watu wa huko huniita Bwana Mifugo, na miezi ya mwanzo kila nikiitwa hivyo niligeuka kuangalia anayeitwa ni nani.

Mwezi wa saba tulisikia kwamba sotoka, ule ugonjwa unaomaliza boma zima la ng'ombe kwa wiki mbili, umeonekana upande wa pili wa mpaka. Wafugaji wa Oloipiri, kule Loliondo, walikubali kuleta ng'ombe wao wachanjwe asubuhi ya Alhamisi. Walikubali kwa shingo upande. Mara mbili huko nyuma waliwakusanya, na mara mbili idara yetu haikutokea. Tena kiangazi ng'ombe wa kule hunywa maji siku moja na kupitisha siku moja, na Alhamisi ilikuwa siku yao ya kunywa. Kuwazuia bomani wakingoja sindano ni kuwazuia na kiu. Ujumbe ulioletwa ulikuwa mfupi: tutangoja mpaka jua la utosi, baada ya hapo tunakwenda majini, na msituite tena.

Chanjo yenyewe ilikuwa kwenye sanduku la barafu, na barafu ile ilikuwa ya kukaa siku mbili, si zaidi.

Gari letu lilikuwa Land Rover ya petroli, na dereva wake alikuwa Mzee Bura, Mwiraqw wa Qurus, aliyeliendesha miaka tisa na kuzungumza nalo kama mtu anavyozungumza na punda wake. Wiki hiyo alikwenda kwake kuvuna mahindi. Alipokuwa huko, taa nyekundu ya chaji ikaanza kuwaka na kukataa kuzimika. Fundi wa mjini alikuwa msibani Mbulu. Mtu mwenye akili angengoja. Mimi nilikuwa na kitabu cha gari, nilikuwa na hofu ya kukosa safari, na nilikuwa na siku mbili za kufikiria.

Nikaifungua alteneta. Kaboni zake, vile vipande vidogo vinavyosuguana ndani, zilikuwa zimeisha, kama kitabu kilivyosema. Nikatia mpya. Chuma kinachoishikilia kwenye injini kilikuwa na kutu nyingi, nikaona aibu kurudisha kitu kizuri juu ya kitu kibaya. Ofisini kulikuwa na kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, iliyobaki tulipopaka mageti ya josho la kuogeshea ng'ombe. Nikakisugua kile chuma, nikakipaka mikono miwili, rangi juu ya rangi, nikapaka na pale kinapokalia kwenye injini, nikapaka hata boliti. Nilifunga vyote asubuhi iliyofuata. Nikawasha gari uani saa sita mchana, jua limepasua, nikaangalia taa. Sikuiona ikiwaka.

Mzee Bura aliporudi alifungua boneti, akatazama, akafunga.

"Nani kamgusa?"

"Mimi, Mzee. Nimebadilisha kaboni."

"Umesomea ng'ombe au umesomea gari?"

"Ng'ombe, Mzee."

"Haya," akasema, akaenda kupima petroli, na asubuhi ya Jumatano tukaondoka.

Kupanda msituni

Baada ya lango la hifadhi, barabara inaingia msituni na kuanza kupanda, na mwezi wa saba msitu ule hujaa ukungu mpaka unaona miti mitatu tu, kisha weupe kama wa maziwa. Mzee Bura akawasha taa kubwa. Kona ya tatu au ya nne akavua kofia yake, akaikinga juu ya ile taa ya chaji kwenye dashibodi.

"Bwana Mifugo, hii inawaka."

"Haiwaki, Mzee. Niliiangalia mwenyewe."

"Njoo uchungulie."

Nikainama chini ya kofia. Ilikuwa inawaka, kwa unyonge, kama kaa linalokufa. Juani Karatu nisingeweza kuiona hata kwa darubini.

Tukasimama. Nilisema ni mkanda wa feni, umelegea. Tukaukaza kwa kubana alteneta na kipande cha mti, Mzee Bura akisukuma na mimi nikifunga nati huku vidole vimekufa ganzi. Taa ikaendelea vilevile. Nikasema labda ni waya wa nyuma haujakaa. Nikauchomoa, nikaurudisha. Vilevile. Nikaanza kusema labda ni kitu cha ndani, nikaeleza vile vidude vidogo vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, na Mzee Bura akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Bado sijajua."

Hilo "bado" nililisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Lakini nililiamini. Jambo lililoharibiwa kwa mikono yangu lazima lingeonekana kwa macho yangu, kama nikiangalia vya kutosha.

Juu ukingoni

Juu kabisa, karibu na vijumba vya wafanyakazi wa hifadhi, palikuwa na hoteli ya mabati ambapo madereva hunywa supu. Kreta yenyewe, lile shimo kubwa watalii wanalolifuata, hatukuiona. Ilikuwa imefunikwa, na kusema kweli sikuikumbuka. Niliomba maji ya moto, nikaosha vichwa vya betri, na wakati nikifanya hivyo dereva wa lori la mahindi akatoka na bakuli lake la supu mkononi kuja kutazama.

"Chaji hiyo? Rahisi," akasema. "Liache linaunguruma, chomoa waya wa betri. Likizima, haichaji. Likiendelea, nenda zako."

"Ndivyo tunavyofanya siku zote," akasema Mzee Bura, na alikuwa ameshachukua spana.

Hapo mambo yakawa magumu. Kipimo hicho ni cha magari ya zamani yenye dainamo, na wazee wote wa barabara wamekulia nacho. Kwa alteneta, kitabu kilikuwa wazi: kuchomoa betri injini ikizunguka ni kuiunguza. Nikaweka kiganja changu juu ya kichwa cha betri.

"Mzee, usichomoe."

"Toa mkono."

"Sitoi. Ukichomoa itakufa kabisa, na hapo hata fundi hataifufua."

Dereva wa lori akacheka mpaka supu ikamwagika. "Msomi anaogopa shoti!"

"Naogopa ndiyo," nikasema. "Naogopa ng'ombe wa watu kufa."

Mzee Bura akairudisha spana mfukoni, akamwambia yule wa lori, "Kaka, acha. Huyu hata akikosea, anakosea kwa kitabu." Sikujua kama nimetetewa au nimetukanwa.

Nikaazima globu ya taa ya nyuma na vipande viwili vya waya, nikatengeneza kipimo changu. Nikagusisha upande mmoja kwenye waya mnene unaotoka kwenye alteneta, na mwingine kwenye injini. Globu ikawaka vizuri. Nikatangaza kwamba umeme unatoka. Nikala chapati mbili kwa furaha.

Tulikuwa tumeshateremka robo saa nzima ndipo nilipong'amua upuuzi wangu. Waya ule mnene umeunganishwa na betri. Globu ingewaka hata kama alteneta ingekuwa jiwe. Nilikuwa nimepima betri na kuipongeza alteneta. Nilikaa na aibu hiyo kilomita kadhaa, kisha nikamwambia Mzee Bura.

"Turudi?" akauliza.

Nikapiga hesabu ya barafu, ya petroli, ya jua la utosi. "Hapana. Tusitumie taa, wala honi, wala stata. Betri ilishe plagi tu. Twende mpaka giza, tulale, tumalizie asubuhi."

Olbalbal

Kutokea Malanja, chini ya ule mteremko, mpaka Olbalbal tuliendesha kama watu waliobeba yai. Kila tuliposimama, tulitafuta mteremko. Punda milia walivuka mbele yetu, Mzee Bura akakataa kuwapigia honi, akatoa kichwa dirishani akawaomba njia kwa Kiiraqw.

Tulilala kwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mkarimu aliyetuachia chumba chake, gari likiwa limeelekeza pua chini ya kilima. Mkewe alinipa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwaambia watu wachemshe maziwa, nilishika kikombe huku nikiukumbuka ukurasa mzima wa ugonjwa wa kutupa mimba. Yule mama aliniona nikisita, akadhani ni machache, akaniongeza. Nilikunywa vikombe vitatu. Nawaambia tu kwamba mpaka leo mimi ni mzima, na yalikuwa matamu.

Kabla ya kulala nilifungua sanduku haraka nikalifunga. Barafu ilikuwa nusu.

Tambarare

Alhamisi alfajiri tulilisukuma gari mteremkoni, likaitika. Tukakata tambarare kuelekea kaskazini, nyasi kavu pande zote, hakuna kilima hata cha kuazima. Jua lilipopanda kidogo, injini ikaanza kukohoa. Ikakohoa, ikapata nafuu, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Mzee Bura akavuta breki ya mkono ingawa hapakuwa na mahali gari lingeweza kwenda. "Basi," akasema. "Hapa ndipo."

Nilitandaza gunia chini ya boneti, nikapanga spana, nikatoa globu yangu. Niliamua nitaanza upya kana kwamba sijawahi kuliona gari hili, nigusishe kila kitu kimoja kimoja, na sitaamini chochote nilichokiamini jana. Morani wawili wakaja kutoka nisikojua, wakasimama kwa mguu mmoja, wameegemea mikuki yao, wakitazama.

Mmoja alijua Kiswahili. "Unatafuta nini humo?"

"Umeme."

"Umepotea?"

"Ndiyo."

Akamtafsiria mwenzake, wakakubaliana jambo, wakaendelea kutazama.

Nikagusisha waya mmoja wa globu kwenye kichwa chanya cha betri na mwingine kwenye injini. Ikawaka, kwa udhaifu wa betri iliyochoka, lakini ikawaka. Nikataka kuhamia kwingine, mkono ukachoka, nikauegemeza ule waya wa pili kwenye mwili wa alteneta kwa sababu tu ndio uliokuwa karibu. Globu ikazima.

Nikafikiri imeungua. Nikarudisha kwenye injini: ikawaka. Alteneta: giza. Injini: ikawaka. Alteneta: giza. Sentimita kumi kati ya chuma na chuma, vimefungwa kwa boliti, na umeme hauvuki.

Nikachukua kisu nikakwaruza kile chuma cha kushikilia. Ukoko mwekundu ukatoka.

Mzee Bura alikuja kuchungulia. Kila gari, umeme hutoka kwa waya lakini hurudi kwa kupitia mwili wa gari wenyewe, chuma kwa chuma. Mimi nilikuwa nimeifungia alteneta njia ya kurudi kwa mikono miwili ya rangi nzuri.

"Hiyo rangi kapaka nani?"

"Mimi."

"Ya nini?"

"Palikuwa na kutu, Mzee."

"Chini huku? Kusikoonekana na mtu?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Bwana Mifugo, ulitaka kuioa?"

Morani akatafsiri. Wale wawili walicheka mpaka wakaketi. Na mimi nikacheka, lakini mikono yangu tayari ilikuwa inafungua boliti. Tulikwangua wote wanne. Mzee Bura kwa tupa, mimi kwa kisu, morani mmoja kwa sime na mwenzake kwa jiwe la kunolea, mpaka kila mahali palipokutana chuma na chuma pakang'aa. Tukafunga. Mzee Bura akachomeka hendeli mbele, akazungusha mara moja, mara mbili. Ya tatu injini ikashika.

Nikakinga kofia juu ya dashibodi. Nilichungulia. Nikamwomba Mzee Bura achungulie pia, kwa kuwa sikujiamini. Akachungulia, akakanyaga mafuta, akasikiliza.

"Imezimika," akasema. "Panda."

Jua lilikuwa limeshapita utosi.

Oloipiri

Tulipofika, boma la miiba lilikuwa wazi na tupu. Mavi yalikuwa mabichi. Kina mama wawili wakatuonyesha kwa midomo upande wa visima, tukafuata vumbi.

Tuliwakuta kwenye korongo la mchanga, ng'ombe wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja, wakinywa kwa zamu kwenye mabirika ya udongo huku wanaume wakipandisha maji na kuimba. Kiongozi wao, Mzee Lekishon, alikuwa ameketi pembeni. Alitusalimu polepole, mmoja mmoja. Akauliza habari za Karatu, za mvua, za wazazi wangu, za barabara. Nami nilijibu kila moja, huku nikihisi barafu ikidondoka tone kwa tone mgongoni mwangu. Mwisho akafika kwenye jambo lenyewe.

"Mwaka juzi gari liliharibika," akasema. "Mwaka jana gari liliharibika. Leo?"

Mzee Bura alinikanyaga mguu kidogo. Ilikuwa njia ya kuniambia nikubali tu, ndivyo kila mtu wa serikali hujibu. Nami nilikuwa nimeliandaa jibu hilo njia nzima, na lingekuwa karibu na ukweli.

"Leo halikuharibika, Mzee," nikasema. "Nililiharibu mimi. Nilitengeneza kitu nisichokijua, nikakipaka rangi kipendeze, rangi ikazuia umeme. Tumeitoa asubuhi hii kwa kisu."

Nikamwonyesha vidole vyangu. Akavishika, akavigeuza, akakuna wekundu uliobaki chini ya kucha. Akawaeleza wenzake kwa Kimaasai, maelezo marefu zaidi ya yangu, na watu wakaacha kupandisha maji ili wasikie.

"Mtu akiniambia gari liliharibika," akasema aliponirudia, "sina la kumwuliza. Gari halijibu. Lakini wewe umesema ni wewe. Basi nakuuliza: na ng'ombe utawaharibu?"

"Gari nilijifundisha mwenyewe, Mzee. Ng'ombe nimefundishwa miaka mitatu."

"Na hukuwapaka rangi?"

"Hapana, Mzee."

Akainuka. Akaita majina, na vijana wakajipanga safu mbili pale ng'ombe wanapotokea kwenye maji, ili kila anayemaliza kunywa apite katikati yao. Nikafungua sanduku. Barafu iliyobaki ilikuwa kama ngumi, lakini maji yake yalikuwa bado yanauma mkono, na kipimajoto kilinipa ruhusa. Tukaanza. Kijana mmoja pembe, mmoja mkia, mimi sindano, Mzee Bura akikata singa za mkia kwa kisu ili tujue aliyechanjwa. Alikata kwa ustadi, na kwa kila ng'ombe alikuwa na maoni.

Jua lilipolegea tulikuwa tumewamaliza waliokuwepo. Ilibaki chupa moja ya chanjo. Na hapo ndipo akanijia mtu aitwaye Koinet, ambaye ng'ombe wake walikunywa mwanzo kabisa wakaondoka kabla hatujafika. Walikuwa mbali, ng'ambo ya vilima.

"Kesho nitawaleta," akasema.

"Kesho barafu itakuwa imekwisha. Dawa ya kesho sitaweza kuiapia."

"Basi nakwenda kuwaleta leo."

"Utawahi kabla ya jua kuzama?"

Alichukua fimbo yake na kuondoka kwa mwendo ule wao usioonekana kuwa wa haraka.

Mniwie radhi, hapa lazima niwaeleze kitu kimoja cha kazi. Dawa ile ni unga mkavu. Ukishauchanganya na maji yake, una saa chache tu, na kadiri inavyokaa inakufa. Kama ningechanganya na Koinet asitokee, ningeimwaga mchangani. Kama ningengoja mpaka ng'ombe wake wafike ndipo nianze kuchanganya, kuchemsha sindano, kujaza mabomba ya sindano, mwanga ungetukimbia, na ng'ombe wangetawanyika. Nilizunguka gari mara tatu. Nilimwuliza Mzee Bura, akasema yeye ni dereva. Nilimwuliza Mzee Lekishon kama Koinet ni mtu wa kurudi.

"Umemwuliza mwenyewe?" akasema.

Nilipanda juu ya boneti nikakinga macho. Vilima vilikuwa vitupu. Kisha nyuma yao, chini kabisa, kitu kama moshi mwekundu kikaanza kuinuka, ambacho kingeweza kuwa vumbi la ng'ombe, au upepo tu.

Nikashuka, nikaitoa chupa ya mwisho kwenye maji baridi, nikaipangusa kwa shati, nikauchanganya unga.